Sinan, askari wa Sultani aliyechagua useremala

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wanaokwenda Istanbul kununua nguo hufikia zaidi mtaa wa Laleli, penye maduka ya jumla. Mzigo ukishafungwa na kukabidhiwa kwa wakala, anayebakiwa na muda kabla ya kwenda uwanja wa ndege anaweza kupanda kilima upande wa kaskazini hadi msikiti wa Süleymaniye, wenye kuba kubwa na minara 4. Nje ya ukuta wake, kwenye pembe ya barabara, kuna kaburi dogo la mawe meupe. Wengi hulipita bila kuligeukia. Humo amezikwa Sinan, mtu aliyeujenga msikiti huo.

Dunia inamjua Sinan kama msanifu mkuu wa majengo wa dola ya Waothmani katika karne ya 16. Kinachosahaulika ni kwamba alikabidhiwa kazi hiyo akiwa na umri wa karibu miaka 50. Kabla ya hapo alikuwa askari wa Janisari, kikosi kilichoogopwa kuanzia Hungaria hadi Misri. Hakuomba kuingia katika kikosi hicho. Alichukuliwa. Alichokichagua mwenyewe ni ufundi atakaojifunza akiwa humo, na ufundi huo ndio uliogeuza maisha yake.

Kijana wa Ağırnas

Sinan alizaliwa karibu mwaka 1490 katika kijiji cha Ağırnas, jirani na mji wa Kayseri, katikati ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Ni mahali penye mwamba laini, na tangu zamani watu wa huko wamechonga vyumba, maghala na mazizi ndani ya mwamba wenyewe. Familia yake ilikuwa ya Kikristo, chini ya utawala wa Sultani Mwislamu.

Familia za namna hiyo zilikuwa na kodi zao, na juu ya kodi kulikuwa na jambo zito zaidi. Kila baada ya miaka kadhaa, ofisa wa Sultani alifika vijijini na kitabu chake kukusanya vijana wa kiume. Utaratibu huo Waturuki waliuita devşirme, yaani mkusanyo. Kwa kawaida alichukuliwa kijana mmoja katika kila nyumba 40 hivi. Mtoto wa pekee aliachwa, na aliyekwisha kuoa aliachwa pia. Ofisa alitazama afya, kimo na akili. Waliochaguliwa waliandikwa majina yao na ya wazazi wao, wakavishwa nguo nyekundu na kofia ili wasiweze kutoroka njiani, kisha wakapelekwa Istanbul kwa miguu, makundi ya vijana 100 au zaidi.

Ni rahisi kuona uchungu wa jambo hilo. Mama alimtazama mwanawe akiondoka na hakujua kama angemwona tena. Lakini mambo hayakuwa ya upande mmoja. Vijana waliochukuliwa hivyo ndio waliokuja kuwa makamanda, magavana na hata mawaziri wakuu wa dola, vyeo ambavyo Waturuki wengi wa kuzaliwa hawakuvipata. Wako wazazi waliowaficha watoto wao, na wako waliotamani wachukuliwe.

Zamu ya Sinan ilifika katika enzi ya Selim wa Kwanza, aliyekalia kiti cha usultani mwaka 1512. Tofauti na wengi waliochukuliwa wakiwa watoto, yeye alikuwa ameshafikia utu uzima, karibu miaka 20. Alifika Istanbul, akaingizwa katika Uislamu na kupewa jina la Sinan.

Miaka ya kupikwa

Aliyedhani kwamba kijana akifika Istanbul hupewa upanga mara moja alikuwa amekosea. Njia ya kuingia Janisari ilikuwa ndefu. Wachache walioonekana kuwa na vipaji vya elimu walipelekwa katika shule za ikulu. Waliobaki walikopeshwa kwa familia za wakulima wa Kituruki. Huko walilima, walichunga, walibeba mizigo, na walijifunza lugha na desturi za nchi. Vijana wa kutoka upande wa Ulaya walipelekwa Anatolia, na wa Anatolia wakavushwa bahari kwenda upande wa Ulaya, ili kila mmoja awe mbali na kwao.

Baada ya miaka kadhaa walirudishwa mjini na kuwekwa katika kambi za mafunzo. Hapo waliitwa acemi oğlan, maana yake vijana wasiojua kazi. Neno hilo acemi lina asili moja na neno Ajemi la Kiswahili. Kwa Waarabu lilikuwa jina la mgeni asiye Mwarabu, na kwa Waturuki likaja kumaanisha mtu ambaye bado hajaiva.

Kambini nidhamu ilikuwa kali na posho ilikuwa ndogo. Vijana walizoeshwa silaha, lakini saa nyingi za siku zilikwenda kwenye kazi za mikono. Walisaidia kuunda merikebu katika gati za serikali, walivusha kuni na mawe, walitunza bustani za Sultani, walipika, walifua vyuma, walijenga. Serikali ilikuwa na sababu mbili. Ilipata vibarua wa bei nafuu, na ilipata askari ambaye akipelekwa vitani hatashindwa kukarabati gurudumu la gari au kujenga kivuko.

Ndipo kila kijana alipotakiwa kushika fani. Wengi walitamani kazi zenye jina. Jeshi la Sultani lilikuwa na kikosi cha mizinga, lilikuwa na watengenezaji na walinzi wa silaha, lilikuwa na wachimbaji wa mahandaki ya kulipua kuta za ngome. Janisari wenyewe walikuwa askari wa miguu wenye bunduki, waliosimama karibu na Sultani siku ya vita. Kwa kijana aliyeota sifa, mbao na randa havikuwa na mvuto mkubwa.

Sinan alichagua useremala. Uzeeni alimsimulia rafiki yake mshairi, Sâî Mustafa Çelebi, habari za maisha yake, na katika masimulizi hayo hakuuficha uamuzi huo wala hakuuonea haya. Alieleza jinsi alivyokaa chini ya mafundi, akashika kazi kwa subira hadi mkono wake ukatulia, kisha akatamani kutembea na kuona. Akiwa katika utumishi alipata kufika nchi za Waarabu na za Waajemi, na kila alipokuta jengo kongwe alilichunguza. Alitazama jinsi tao linavyobeba uzito, jinsi ukuta unavyopasuka na kwa nini.

Useremala wa siku zile haukuwa wa meza na vitanda tu. Seremala ndiye aliyefunga jukwaa la kupandia wajenzi. Ndiye aliyeunda kiunzi cha mbao ambacho tao la mawe hulalia mpaka likauke. Ndiye aliyejua kuunda daraja, mashua na ngazi ya kupandia ngome. Aliyejua mbao vizuri alijua mzigo unakaa wapi na unasukuma kuelekea wapi.

Randa vitani

Sinan alikubaliwa kuwa Janisari kamili. Jina lenyewe, yeniçeri, maana yake ni askari wapya. Kikosi kilikuwa na mambo yake ya pekee. Sufuria kubwa ya chakula ilikuwa alama ya heshima ya kila kikosi, na kuipoteza vitani ilikuwa aibu. Kamanda wa kikosi aliitwa mpika supu. Mshahara ulihesabiwa kwa siku na kulipwa kila baada ya miezi 3, na askari kwa desturi hakuoa akiwa bado kazini.

Suleiman alipokalia kiti cha baba yake mwaka 1520, vita vilifuatana. Sinan alikuwapo Belgrade ilipotekwa mwaka 1521, na Rhodes mwaka 1522. Akapandishwa cheo na kuwa miongoni mwa wenye farasi. Mwaka 1526 alikuwa Mohács, pale jeshi la Hungaria liliposhindwa kwa siku moja, na baada ya hapo akapewa uongozi wa askari. Baadaye akawa mkuu wa kikosi cha mitambo ya kurushia mishale mizito. Cheo hicho kilimfaa mtu mwenye akili ya mashine.

Fursa iliyomtofautisha na makamanda wengine ilikuja kwenye Ziwa Van, mashariki ya mbali, jeshi lilipokuwa likipigana na Waajemi katika miaka ya 1530. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na adui, na kamanda Lütfi Pasha hakuwa na njia ya kujua nguvu yake. Palihitajika vyombo vya maji mahali ambapo hapakuwa na gati wala waundaji wa merikebu. Sinan akaunda merikebu 3 za makasia, akazifunga silaha, akaziongoza yeye mwenyewe kwenda kupeleleza. Kamanda hakulisahau jambo hilo.

Miaka michache baadaye, mwaka 1538, Sultani aliongoza jeshi kwenda Moldavia. Njia ilikatizwa na mto Prut, na kingo zake zilikuwa tope tupu. Daraja lililojaribiwa kujengwa lilizama katika tope hilo. Jeshi zima likasimama, pamoja na farasi, ngamia, mizinga na magari ya chakula. Dereva wa lori aliyewahi kulala siku 3 kwenye foleni kwa sababu daraja limesombwa na mvua anaelewa hali ilivyokuwa, isipokuwa kwamba pale, mwenye haraka alikuwa Sultani.

Lütfi Pasha akamtaja Sinan. Akapewa mafundi, akaanza kazi, na katika siku 13 jeshi likavuka.

Njia panda

Mwaka huohuo wa 1538 cheo cha msanifu mkuu wa majengo kilikuwa wazi, kwa kuwa aliyekishika alikuwa amefariki. Lütfi Pasha, ambaye sasa alikuwa waziri mwenye sauti kubwa, alimpendekeza Sinan.

Kwa mtu anayetazama leo, jibu linaonekana rahisi. Kwa Sinan halikuwa rahisi. Alikuwa amekaa vitani miaka 17 hivi. Kikosi kilikuwa kimekuwa ukoo wake baada ya kuondolewa katika ukoo wa kuzaliwa. Alikuwa na cheo, alikuwa akijulikana na Sultani, na ngazi ya kupanda zaidi ilikuwa mbele yake. Kukubali kazi ya ujenzi kulikuwa sawa na kuuweka upanga chini na kuwaaga wenzake. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba wazo la kuiacha njia ya Janisari lilimtia uchungu. Kisha akapima upande wa pili, akafikiria misikiti ambayo angeijenga na thawabu ya kazi hiyo duniani na akhera, akakubali.

Kwa namna moja, huo ulikuwa uamuzi uleule wa kambini, safari hii kwa bei kubwa zaidi. Mara ya kwanza alichagua useremala akiwa kijana asiye na cha kupoteza. Mara ya pili aliuchagua akiwa ofisa mwenye cheo.

Madaraja na nyumba za misafara

Alishika kazi hiyo miaka 50, chini ya masultani 3. Orodha ya majengo yake inapita 300. Msikiti wa Şehzade ulikamilika mwaka 1548. Süleymaniye ulijengwa kuanzia 1550 hadi 1557. Kuba yake ina upana wa mita zaidi ya 26. Msikiti wa Selimiye katika mji wa Edirne, ambao yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa kazi yake bora, ulimalizika yeye akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Vitabu vya hesabu vya ujenzi wa Süleymaniye vimehifadhiwa mpaka leo. Humo mishahara imeandikwa, mafundi wameandikwa, Waislamu na Wakristo kwa idadi inayokaribiana. Sehemu kubwa ya nguvukazi, karibu 4 kati ya 10, ilikuwa ya acemi oğlan, vijana wa mafunzo. Walibeba mawe na kuchanganya chokaa chini ya macho ya mzee aliyepita kambi hiyohiyo, aliyewahi kuvaa nguo nyekundu kama zao.

Misikiti ndiyo inayopigwa picha, lakini kwa msafiri na mchuuzi wa siku zile kazi nyingine za Sinan zilikuwa na faida ya kila siku. Alileta maji Istanbul kutoka misitu ya kaskazini kwa mifereji iliyopita juu ya matao marefu. Mafuriko ya mwaka 1563 yalipobomoa sehemu ya kazi hiyo, aliijenga upya. Alijenga masoko yenye paa, na alijenga nyumba za misafara katika barabara kuu. Humo mfanyabiashara alifungua mzigo, ngamia na farasi wakapata zizi, lango likafungwa usiku, na kwa desturi mgeni alilala na kula bila malipo hadi siku 3, awe wa dini yoyote. Gharama zililipwa na wakfu wa mashamba na maduka. Anayelala ndani ya lori mpakani akiogopea mzigo wake atatambua thamani ya lango linalofungwa.

Na alijenga madaraja. Pale Büyükçekmece, magharibi ya Istanbul, barabara ya kwenda Ulaya ilikatizwa na maji na matope, na misafara ilipata taabu. Sultani Suleiman aliagiza daraja lijengwe, akaenda vitani Hungaria mwaka 1566 na hakurudi hai. Sinan aliendelea. Alitengeneza visanduku vikubwa vya mbao kama merikebu, akavishusha majini, akatoa maji kwa pampu, na ndani yake mafundi wakapigilia nguzo na kupanga mawe yaliyofungwa kwa chuma na risasi. Ni seremala wa kambini na mwunda merikebu wa Ziwa Van aliyekuwa kazini. Mwaka 1567 daraja lilikamilika, matao 28, urefu wa zaidi ya mita 600.

Miaka 10 baadaye lilikamilika daraja jingine, kwenye mto Drina huko Višegrad, katika Bosnia ya leo. Lina matao 11. Aliyetoa fedha ni waziri mkuu Sokollu Mehmed Pasha, naye pia alichukuliwa kwa devşirme akiwa mtoto, kutoka kijiji kisicho mbali na mto huo. Kijana mmoja aliyechukuliwa alilipa, mwingine aliyechukuliwa akachora, na njia ya kurudi kwao ikafunguka kwa kila mtu.

Ağırnas tena

Sinan hakusahau alikotoka. Baada ya Waothmani kuteka kisiwa cha Kupro mwaka 1571, serikali iliamua kuhamishia huko familia nyingi kutoka Anatolia, wapende wasipende. Watu wa upande wa Kayseri walikuwa katika orodha, na miongoni mwao walikuwamo jamaa zake, bado Wakristo, bado kijijini. Sinan aliwaombea. Mwishoni mwa 1573 ilitoka amri ya Sultani kwamba jamaa zake waachwe. Miaka 60 hivi ilikuwa imepita tangu ofisa mwenye kitabu alipomwondoa pale. Safari hii karatasi ya serikali ilifika kuwabakisha watu, na ilifika kwa sababu ya jina lake.

Alifariki mwaka 1588. Alizikwa katika kaburi alilolichora mwenyewe, kwenye pembe ya Süleymaniye.

Kikosi cha Janisari kiliendelea kuishi zaidi ya miaka 200 baada yake, lakini kilibadilika. Kiligeuka kuwa mzigo kwa masultani, kikapinga kila mabadiliko, na mwaka 1826 Sultani Mahmud wa Pili alikivunja kwa mizinga, kambi zikateketea. Mabwana waliochagua fani zenye sifa kuliko randa walikwenda pamoja na kikosi hicho, na majina yao wengi hayajulikani.

Daraja la Büyükçekmece bado lipo. La Višegrad lilivunjwa sehemu katika vita vikuu viwili vya karne iliyopita, likatengenezwa, na watu wanalipita. Maandishi ya jiwe la kaburi la Sinan yalitungwa na Sâî, yuleyule rafiki aliyemsimulia maisha yake. Yanataja misikiti yake kwa jumla, kwa idadi. Kazi iliyotajwa kwa jina lake ni moja, nayo ni daraja la Büyükçekmece.